Wengineo: kuisoma Unbowed kama kitabu cha kushindwa

Desemba 29, 1997, Mkenya aliyeenda kumchagua rais alikuta wagombea 15. Watatu kati yao walikuwa watu wa kalamu. Wa kwanza ni Katama Mkangi, mwandishi wa Ukiwa na Mafuta, ambaye miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa ametoa riwaya ya Walenisi. Wa pili ni Koigi wa Wamwere, ambaye sehemu kubwa ya maandishi yake ilizaliwa na kizuizi na jela. Wa tatu ni Wangari Maathai, ambaye kitabu chake cha kumbukumbu, Unbowed, kilikuwa bado hakijaandikwa. Kingetoka mwaka 2006.

Mkangi alisimama kwa tiketi ya Kenya National Congress, Koigi kwa KENDA, Maathai kwa Liberal Party. Na kwa kuwa katiba ya wakati ule ilimtaka rais awe pia mbunge, kila aliyetaka Ikulu ilibidi atafute na kiti cha ubunge mahali fulani. Kwa hiyo, hawa watatu walikuwa wanaomba kazi mbili kwa mpigo, na zote walinyimwa. Moi alirudi madarakani kwa takriban asilimia 40 ya kura. Kibaki, Raila, Wamalwa na Ngilu wakamfuata kwa umbali mbalimbali. Wale kumi waliobaki, hakuna hata mmoja aliyefikisha asilimia moja. Waandishi wetu wote watatu wamo kwenye hao kumi.

Mimi ni mwandishi wa habari, na watu wa aina hiyo tuna neno lao: wengineo. Ukitengeneza jedwali la matokeo, nafasi ni finyu na mhariri anakuhimiza, unaweka majina manne au matano ya juu, halafu chini kabisa unajumlisha waliobaki kwenye mstari mmoja. Kihesabu hakuna kosa. Lakini nimekuwa nikijiuliza fasihi inafanya nini na mstari ule. Gazeti likishamjumlisha mtu, kitabu chake mwenyewe kinamtoa humo? Nilirudi kuisoma Unbowed nikiwa na swali hilo tu, na nikagundua ni kitabu tofauti na kile nilichokuwa nakikumbuka.

Wengi wetu tunakikumbuka kama kitabu cha miti. Mama anapanda miche, serikali inakasirika, mama anapigwa, mama anapanda tena, dunia inampa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yote hayo yamo. Ila chini ya hadithi ya miti kuna hadithi nyingine, ya mtu aliyetaka kuingia bungeni kwa zaidi ya miaka ishirini: 1982 akazuiwa mlangoni, 1997 akabwagwa, 2002 akapita, 2007 akabwagwa tena. Ukihesabu vizuri, aligonga mara nne, akafunguliwa mara moja. Hoja yangu ni kwamba kitabu hiki kinaandika vizuri sana kuhusu gharama ya kushindwa pale kinapokubali kusimama hapo, na kinadhoofika kila kinapoharakisha kukugeuza kushindwa kuwe ngazi ya ushindi.

Tuanze na mbegu yenyewe, maana hata miti ile ilitoka kwenye kampeni. Mwaka 1974 mume wake, Mwangi Mathai, aligombea ubunge wa Lang'ata na akashinda. Katika kuomba kura alikuwa amewaahidi watu ajira. Baada ya ushindi, mke akaanza kuhangaika: sasa hizo kazi tutazitoa wapi? Anavyosimulia, mume hakuona kama kuna la kukosea usingizi. Kampeni ilikuwa imekwisha. Yeye hakukubali. Akaanzisha kampuni, Envirocare, ya kuwaajiri watu kuotesha miche na kutunza bustani. Kampuni haikufika mbali. Lakini wazo la kwamba mti unaweza kumpa mtu maskini kazi halikufa nayo. Juni 5, 1977, miti saba ilipandwa Kamukunji, Nairobi, na kutoka hapo ndipo Green Belt Movement inapohesabu umri wake.

Naipenda sana sehemu hii, na sidhani kama inasomwa inavyostahili. Sisi tumezaliwa na methali kwamba ahadi ni deni, halafu tukakulia katika nchi ambayo ahadi ya kampeni ni burudani. Maathai katika kurasa hizi ni kama mgeni ambaye hajaambiwa mzaha. Anaichukua hotuba ya mumewe kama hati ya deni, anaanza kutafuta pesa za kuilipa. Kuna ucheshi hapo, na mwandishi haukazi; anasema jambo lilivyokuwa, anaendelea. Lakini msomaji anabaki na picha ya harakati kubwa kuliko zote za mazingira Afrika Mashariki ikianza kwa sababu mtu mmoja alisikia siasa na akaamini. Mtu wa namna hiyo, lazima tu siku moja atagombea.

Alijaribu mwaka 1982, katika uchaguzi mdogo kule Nyeri. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU, kwa hiyo suala la chama kikubwa na chama kidogo halikuwapo. Ama uko ndani ama huko popote. Wakati huo Maathai ni profesa mshiriki Chuo Kikuu cha Nairobi, mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Ili agombee, sheria inamtaka ajiuzulu kwanza. Anajiuzulu. Halafu anaambiwa hafai kugombea kwa sababu hakuwa amejiandikisha upya kama mpigakura. Anaenda mahakamani, anashindwa kwa hoja ya kiufundi. Anarudi chuoni kuomba kazi aliyoiacha muda mfupi tu uliopita, anakuta nafasi imeshajazwa. Nyumba ya chuo nayo anatakiwa kuihama. Ana miaka arobaini na ushei, ametalikiwa, ana watoto watatu, na hajapigiwa hata kura moja. Hakushindwa uchaguzi, hakuufikia.

Kurasa hizi ndizo bora zaidi katika kitabu kizima, kwa maoni yangu. Zinafuata mpangilio wa mambo kama yalivyotokea, jambo baada ya jambo, bila hotuba. Hakuna mbaya anayesimama kutoa maneno ya kibaya. Kuna barua, kuna saa ya kufika mahakamani, kuna mlango wa nyumba ya kuhama. Mwandishi wa riwaya angeshawishika kuweka mvua. Maathai anatuwekea hesabu: kazi, nyumba, marupurupu ya miaka yote ile, vyote vimekwenda kwa fomu moja ambayo haikupokelewa. Na hapo ndipo unaelewa kwa nini watu wengi wenye akili zao hawagombei. Tunasema siasa ni mchezo mchafu, kama vile tatizo ni uchafu. Tatizo ni bei. Mgombea wa chama tawala akishindwa hupewa ubalozi au uenyekiti wa shirika la umma. Asiye na mtu wa kumshika mkono akishindwa, kesho yake anahamisha vyombo.

Halafu kitabu kinafanya kitu ambacho kumbukumbu nyingi hufanya. Kwa kuwa hana kazi, anapata muda wa kuishughulikia Green Belt kwa ukamilifu; kwa kuwa anaishughulikia kwa ukamilifu, inakua; kwa kuwa inakua, dunia inamjua. Kufukuzwa kunageuka baraka. Ni kweli kwamba ilitokea hivyo. Ila tuwe waangalifu na namna hii ya kusimulia. Tunasoma maisha kutoka mwisho kurudi mwanzo, na tukishaujua mwisho kila shimo linaonekana lilichimbwa makusudi ili mtu apandie mti. Wangapi walijiuzulu, wakazuiwa, wakarudi, wakakuta nafasi imejazwa, na hakuna kilichokuja baada ya hapo? Hao hawakuandika vitabu.

Miaka saba baadaye bunge lile lile alilozuiwa kuingia lilimjadili. Ilikuwa mwaka 1989, pale alipopinga mnara wa ghorofa 60 ambao chama tawala kilitaka kuujenga katikati ya Uhuru Park. Wabunge walisimamisha shughuli wakamshambulia kwa zamu, na harakati yake wakaidhihaki kuwa ni kundi la wanawake walioachika. Yeye hakuwa na haki ya kujibu, maana hakuwa mbunge. Alijibu kwa barua na kwa magazeti, na mnara haukujengwa. Kitabu kinalisimulia hili kama ushindi wa raia, na ni kweli. Lakini ukiwa na 1982 kichwani, unaona kitu kingine pia: ukumbi ambao mtu anaweza kusemwa humo na asiweze kusema. Kwa nini tunashangaa aliutaka ufunguo wake?

Mwaka 1992 unaleta kisa kinachowaunganisha wagombea wetu wawili. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliweka kambi Uhuru Park, wakagoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Maathai alikuwa pamoja nao na alipigwa na polisi hadi akazimia. Mmoja wa akina mama wale ni Monica Wamwere, na mwana aliyekuwa akimdai ni Koigi. Sasa rudi kwenye ile karatasi ya kura ya 1997. Mwanamke aliyelala nje kwa ajili ya mfungwa, na mfungwa mwenyewe, wako kwenye orodha moja, kila mmoja akiomba asipigiwe mwenzake. Na mwanamke huyo, kabla ya 1992 na kabla ya 1997, alizunguka akiwaomba wapinzani waungane ili Moi aondoke!

Hapa ndipo nilipotaka kitabu kisimame, na hakikusimama. Uchaguzi wa 1997 unapata nafasi ndogo, msitu wa Karura unapata kubwa. Tunaambiwa alichelewa kuamua, chini ya miezi miwili kabla ya kura. Tunaambiwa kuwa wengi walimwona kama mtu anayeacha kazi yake ya miti na kuingilia yasiyomhusu. Tunaambiwa kwamba siku chache kabla ya uchaguzi ilichapishwa habari kuwa amejiondoa na kumuunga mkono mwingine, jambo ambalo halikuwa kweli. Halafu anashindwa, vibaya, na maisha yanaendelea.

Ile habari ya kujiondoa inaniuma kama mtu wa gazeti. Kumtangaza mgombea mkubwa kuwa amejiondoa huwezi, maana dakika hiyo hiyo utapigiwa simu na mawakili, msemaji na mkuu wa kampeni. Mgombea mdogo hana hao watu. Uvumi wake unapita mezani kwa urahisi kwa sababu kichwani mwa kila mtu ameshajiondoa tangu siku aliyojiandikisha. Habari ya uongo ilionekana kama kweli kwa sababu ilifanana na jinsi walivyokuwa wakimwona. Hilo ni jambo la kuandikiwa sura nzima, na Unbowed inalipa aya.

Lakini kuna swali gumu zaidi ambalo uvumi hauwezi kulifuta. Aliyehubiri umoja alikuwa na haki gani ya kuwa jina la ziada kwenye orodha ndefu? Sisemi hakuwa nayo. Katiba haikuruhusu mgombea huru. Hilo lilikuja na katiba ya 2010 na kutumika katika uchaguzi mkuu wa 2013. Mwaka 1997 mtu asiyetaka kuwa chini ya mabwana wa vyama vikubwa alikuwa na njia moja tu: kutafuta chama kidogo chenye cheti cha usajili na kukipanda kama unavyopanda matatu tupu usiku, ukijua kuwa dereva hana abiria mwingine. Huenda ndivyo alivyofikiri. Huenda alichoka kuwaunganisha wanaume wasiotaka kuunganika, akaamua kuonyesha kwamba na yeye anaweza kujitenga kama wao. Mtu akikuandikia ubishani wa namna hiyo moyoni mwake, unampenda zaidi, humdharau. Maathai anaujua ubishani huo vizuri, ila katika sehemu hii ametuonyesha mlango wake tu bila kuufungua.

Tuna methali mbili zinazogombana juu ya jambo hili. Moja inasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na wanasiasa wetu huitaja kila baada ya miaka mitano, hasa walioshinda. Nyingine inasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ya kwanza inakutuma nyumbani, ya pili inakurudisha kwenye tanuru. Mgombea wa mara ya pili, ya tatu, ya nne anaishi kati ya hizo mbili. Akirudi tunamwita king'ang'anizi. Asiporudi tunasema hakuwa na nia. Nilitamani kuijua sauti ya Maathai katikati ya methali hizo, mwezi Januari 1998, simu zikiwa zimenyamaza.

Kisha inakuja 2002 na asilimia 98. Ndiyo, 98, katika jimbo la Tetu, kwa tiketi ya muungano wa NARC. Kitabu kinaipokea kama mavuno, na sauti ya mwandishi inachangamka kwa haki kabisa. Nchi nzima ilikuwa ikiimba. Ila hebu tujiulize kama wasomaji. Kati ya 1997 na 2002 alibadilika nini? Elimu ni ile ile, miti ni ile ile, hata uso wa Nyeri ni ule ule. Kilichobadilika ni gari. Tetu iko Nyeri, nyumbani kwa Kibaki. Mwaka 1997 Maathai aliwaomba watu wa Nyeri wamkatae mtu wao. Mwaka 2002 alikuwa kwenye msafara wake. Asilimia 98 hazikuwa zote za mtu mmoja, kama vile sehemu ya asilimia aliyopata 1997 haikuwa kipimo cha mtu mmoja. Koigi naye alipita mwaka huo huo, Subukia, kwa NARC hiyo hiyo. Mtu akisoma kumbukumbu bila kuliona hili anaweza kudhani ukivumilia vya kutosha wananchi hatimaye watakuelewa. Kumbe wakati mwingine wananchi walikuelewa zamani. Walikuwa wanasubiri upande gari linalokwenda.

Karibu na mwisho wa Unbowed kuna ile siku ya Oktoba 2004. Maathai yuko barabarani kutoka Nairobi kuelekea jimboni Tetu simu inapolia: ameshinda Nobel. Anaenda kupanda mti aina ya Nandi flame kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, Nyeri, akiutazama Mlima Kenya. Ni picha nzuri, na wengi huishia kwenye mti. Mimi naitazama ile safari. Habari kubwa kuliko zote maishani mwake inamkuta akiwa mbunge anayeenda kwa waliomchagua. Yaani ile kazi aliyoitafuta tangu 1982, ya kwenda kukaa na watu wa kijijini na kusikiliza shida zao, ndiyo aliyokuwa akiifanya dunia ilipompigia simu. Mwandishi hakuikaza hii. Ipo tu, kama 1974 ilivyokuwapo tu.

Na hapo kitabu kinafunga, kikiwa na jua la asubuhi.

Mwezi Novemba 2007, katika kura za mchujo za PNU, chama cha Kibaki cha wakati huo, Maathai alishindwa. Mshindi wa Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, hakupewa tiketi ya ubunge nyumbani kwake. Akaamua kugombea hata hivyo kwa chama kidogo, na Desemba akashindwa. Koigi pia alipoteza Subukia mwaka huo. Kisha nchi ikashika moto, na katika moto ule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza mama wa miti anaendeleaje. Aliandika vitabu vingine viwili, The Challenge for Africa mwaka 2009 na Replenishing the Earth mwaka 2010, ambavyo ni vitabu vya hoja na imani zaidi kuliko vya maisha. Kumbukumbu ya pili hakuandika. Alifariki Septemba 25, 2011.

Najua pingamizi: utakilaumuje kitabu cha 2006 kwa kukosa yaliyotokea 2007? Sikilaumu kwa hilo. Ninachosema ni kwamba yaliyotokea 2007 yanabadilisha namna tunavyopaswa kukisoma. Ule mpangilio wa shimo, mti, kivuli, ambao unabeba kitabu chote, ulimhitaji msimuliaji asimame 2006. Angesimama mwaka mmoja na miezi michache mbele, angelazimika kueleza jinsi mtu anavyorudi kwenye chama kidogo akiwa na medali nyumbani. Hakuna ngazi hapo. Kuna mwanamke wa miaka 67 anayewaambia watu, najua mmenikataa kwenye mchujo, nawauliza mara nyingine. Kwangu hilo ni tendo kubwa kuliko kushinda kwa asilimia 98, na ndilo halina ukurasa.

Nisiwadhulumu na watu wa Tetu. Ni rahisi sana sisi wa mjini kusema eti walimkataa nabii. Mpigakura wa kijijini anamchagua mtu wa kumsaidia karo, barabara, na kufika kwenye mazishi. Dunia ikimpa mbunge wake tuzo, safari za mbunge zinaongezeka na kiti cha mazishini kinabaki wazi. Sijasema ndivyo ilivyokuwa Tetu. Nasema kuna hoja za haki upande wa pili, na kumbukumbu ya mshindi haina nafasi ya kuwapa wapigakura wale sauti. Ndiyo maana tunahitaji riwaya.

Na hapa namrudia Katama Mkangi, mgombea ambaye hakupata 2002 yake. Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani. Katika Walenisi, Dzombo anahukumiwa na kutupwa angani kwenye chombo ambacho kilikusudiwa kumwua, naye anakimudu hadi anafika katika nchi ambayo hakuna aliye juu ya mwenzake. Jina la nchi hiyo, ukilisoma polepole, linajifumbua lenyewe: wale ni sisi. Wahakiki wamelizungumza jina hilo sana kama ndoto ya usawa. Mimi sasa nalisikia kama jibu la mwanasosholojia kwa yule mtengeneza jedwali. Gazeti linasema wengineo. Riwaya, miaka miwili kabla ya jedwali lile kuchapishwa, ilishasema hao wengineo ni akina nani.

Ila Walenisi nayo ina udhaifu wake kwa swali langu. Ni nchi iliyokwisha kufika. Mkangi anatuonyesha watu walio huru wakieleza uhuru wao kwa ufasaha mkubwa, wakati mwingine kwa urefu unaochosha, na hatuoni kura za chini ya asilimia moja zilizowafikisha huko. Hatuoni mikutano ya watu kumi na wawili chini ya mwembe, spika imeharibika, mgombea anaongea kama vile wako elfu. Maathai ana njia na hana mwisho. Mkangi ana mwisho na hana njia. Ukiviweka vitabu hivi viwili pamoja unaona pengo lilipo katika fasihi yetu ya siasa. Tuna dikteta, tuna mfungwa, tuna mpigania uhuru, tuna mbunge mwizi hadi tumemchoka. Yule anayegombea kihalali, kwa chama kisichojulikana, akashindwa, akarudi, akashindwa, bado hatumjui kwa ndani. Kwenye riwaya zetu akitokea huwa mchekeshaji.

Anastahili zaidi ya kucheka. Miongoni mwa watu kumi wa mwisho wa 1997 kulikuwa na mtunzi wa mojawapo ya riwaya za Kiswahili zenye ndoto kubwa, mfungwa wa dhamiri, na mshindi wa Nobel wa baadaye. Orodha ya washindi wa ubunge mwaka huo, nenda ukaisome, uniambie wangapi unawakumbuka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Kama hujasoma Unbowed, isome, na usiiruke 1982 ukikimbilia Uhuru Park. Kama umeisoma zamani, rudi kwenye zile kurasa chache za 1997 uzisome polepole kuliko alivyoziandika. Na ukifika mwisho, kwenye mti wa Outspan, usifunge bado. Kwenye nakala yangu kuna karatasi moja tupu baada ya maandishi. Nimeandika juu yake kwa penseli: Tetu, 2007, chama kidogo. Nafasi iliyobaki chini yake inatosha mtu mwingine aendelee.